Kompyuta kuukuu ikigoma kuwaka, usikimbilie kuizika

MVUA ya jioni ilikuwa imekatika na vyura wa kwenye mafunjo wameanza kelele zao dada yangu aliponipigia simu kutoka Dunga. Hakungoja hata salamu.

"Njoo upesi," alisema. "Huyu mtoto atanifia hapa."

Mtoto mwenyewe ni kijana wa kidato cha nne aliyeanza kuota ndevu. Nilimkuta ameketi mbele ya kompyuta yao kuukuu, mikono kichwani kama aliyefiwa. Umeme ulikuwa umepotea na ngurumo ya kwanza, ukarudi kwa kishindo, ukapotea tena, kisha ukarudi na kutulia. Taa ziliwaka. Redio ikaimba. Friji ya samaki ikaanza kunguruma. Kompyuta pekee ndiyo iliyokaa kimya.

"Mjomba, imekufa," akaniambia. "Na projekti yangu yote imo ndani."

Mzazi aliye na mtoto anayefanya somo la Kompyuta katika mtihani wa KCSE anaelewa uzito wa maneno hayo. Somo hilo lina karatasi tatu. Ya kwanza ni ya nadharia, ya pili ni ya vitendo, na ya tatu ni mradi ambao mtahiniwa huuandaa kwa muda mrefu kabla ya mtihani wenyewe. Mpwa wangu alikuwa amebakisha siku nne kuuwasilisha. Nakala nyingine hakuwa nayo, si kwenye karatasi wala kwenye flashi.

Dada alikuwa tayari amempigia fundi mmoja wa mjini. Fundi huyo, bila kuiona mashine, alitoa hukumu papo hapo kwamba mazabodi imeungua, kwamba nyingine itagharimu Sh8,500, na kwamba kila kilichomo kitafutwa ili kompyuta ianze upya. Kwa mama anayeamka alfajiri kununua ngege na mbuta ufuoni, akawakaanga na kuwauza hadi usiku, Sh8,500 si pesa za kutoa kwa maneno ya simu.

Usiku ule kompyuta iliwaka, na gharama yake yote ilikuwa Sh180. Sisemi hivyo ili nijisifu, kwani mimi si fundi. Nasema hivyo kwa sababu hitilafu nyingi zinazoizuia kompyuta kuukuu kuwaka ni ndogo, na humfichukia yeyote anayeufuata umeme hatua kwa hatua, kutoka ukutani hadi ndani ya mashine, bila kuruka hata hatua moja. Anayeanzia katikati ndiye anayeishia kununua mazabodi.

Kwa nini zinagoma

Kompyuta nyingi za mezani zilizo majumbani mwetu hazikufika zikiwa mpya. Zilitumika kwanza katika maofisi, huko ng'ambo au Nairobi, kisha zikauzwa kwa bei nafuu. Hilo si jambo la kuonea aibu. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka wa 2002, limejipatia jina kwa kukarabati kompyuta zilizokwisha kutumika na kuzipeleka shuleni. Mashine iliyoundwa kwa kazi ya ofisi ni imara, na ikitunzwa yaweza kudumu miaka 10 au zaidi.

Lakini Dunga si ofisi yenye kipoza hewa. Kijiji hiki cha wavuvi, kilicho kilomita chache kutoka katikati ya Kisumu, kimekaa kati ya Ziwa Victoria na kinamasi cha mafunjo. Hewa yake ina joto na unyevu, na unyevu huleta kutu kwenye vyuma vidogo vinavyopitisha umeme. Kuna wale nzi wa ziwani, ambao hupanda kutoka majini kwa wingi hata ukiwatazama kwa mbali wanafanana na moshi. Usiku hufuata mwanga, wakaingia kwenye matundu ya kompyuta na kufia humo. Kisha kuna jiko. Mvuke wa mafuta ya kukaangia samaki hutua juu ya feni ya kompyuta, na vumbi likipita hunata papo hapo.

Juu ya hayo yote kuna radi. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za Afrika zinazopigwa na radi nyingi mno, na upande wetu wa ziwa dhoruba hupenda kuja alasiri na jioni, saa ambazo watoto wako nyumbani na mashine imewashwa.

Kwa hivyo kompyuta ikigoma, usijiulize kwanza ni kitu gani cha bei ghali kilichoungua. Jiulize umeme umekwamia wapi.

Anza ukutani

Hatua ya kwanza haihitaji bisibisi. Chomoa kompyuta, kisha chomeka kwenye soketi hiyo hiyo kitu unachojua ni kizima, kama taa ya mezani au chaja ya simu. Kikiwaka, soketi haina kosa. Kisipowaka, umeokoa pesa zako. Kinachohitajika hapo ni fundi wa stima.

Iwapo unatumia waya wa ekstensheni, uondoe kabisa na uchomeke kompyuta moja kwa moja ukutani. Ekstensheni za bei rahisi hulegea ndani bila kuonyesha dalili yoyote kwa nje.

Sasa tazama plagi. Plagi zetu za pembe tatu za mraba, tulizorithi kutoka Uingereza, zina fyuzi ndani yake. Kazi ya fyuzi ni kufa ili kifaa kipone. Umeme unaporudi kwa kishindo, hiyo ndiyo huungua mwanzo, na ikiungua kompyuta huwa kama maiti. Haina taa wala mlio, na feni haizunguki.

Utajuaje kama ni fyuzi? Kwa kawaida waya wa kompyuta na ule wa skrini hufanana. Badilisha. Chukua waya wa skrini, ambayo taa yake inawaka, uuchomeke kwenye sanduku la kompyuta. Tulipofanya hivyo Dunga, feni ilianza kuzunguka. Kijana aliruka kutoka kitini. Hapo tulijua mashine haikufa, bali waya wake ndio uliokuwa na kasoro. Tulifungua plagi, tukaitoa fyuzi iliyoungua, na kwa usiku ule tukaazima fyuzi ya plagi ya pasi kwa kuwa zote mbili zilikuwa za ampea 13. Kesho yake dada alinunua nyingine kwa Sh30.

Hapa lazima nitoe onyo. Wapo watu ambao fyuzi ikiungua huifunga kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au huweka kipande cha waya mahali pake. Kifaa huwaka, ni kweli. Lakini siku umeme ukizidi, hakutakuwa na kitu cha kuuzuia, na kitakachoungua ni kompyuta yenyewe au nyumba. Tafuta fyuzi yenye namba ile ile iliyoandikwa kwenye ile ya zamani. Usipandishe namba.

Nyuma ya sanduku

Geuza kompyuta uitazame kisogoni. Mahali waya wa umeme unapoingia, kompyuta nyingi zina swichi ndogo yenye alama ya sifuri na mstari. Mstari ni kuwasha, sifuri ni kuzima. Mtoto anayefagia, au paka anayepita, anaweza kuizima bila kujua. Wapo waliolipa fundi nauli ya kuja kubonyeza swichi hiyo.

Mashine za zamani huwa na swichi nyingine nyekundu, iliyoandikwa 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Hiyo ndiyo inayoiambia kompyuta inatumia umeme wa nchi gani. Marekani hutumia takriban volti 120, lakini sisi Kenya tunatumia volti 240. Swichi yetu lazima iwe kwenye 230. Kompyuta iliyotoka Marekani na kuwekwa 115, ukiichomeka hapa, itatoa mlio kama fataki na harufu mbaya, na hapo hakuna kubahatisha tena. Itazame kabla ya kuchomeka, wala usiiguse mashine ikiwa imewashwa.

Kisha chomoa kila kitu kisichohitajika: printa, spika, modemu, na hasa flashi. Flashi iliyosahaulika nyuma ya mashine inaweza kuifanya kompyuta itafute mfumo wake humo, isiupate, na kugoma ikiwa na maneno meusi ya kutisha kwenye skrini. Bakisha waya wa umeme, skrini, kibodi na kipanya.

Sikiliza inavyolia

Baada ya feni kuzunguka, tulidhani tumemaliza. Hatukuwa tumemaliza. Skrini ilibaki nyeusi, na ndani ya sanduku ukasikika mlio: pi, pi, pi. Kimya kidogo, kisha tena: pi, pi, pi.

"Inalia nini, Mjomba?" kijana aliuliza.

Inasema inapouma. Tangu kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake ya binafsi mwezi wa Agosti 1981, mashine za aina hii huwa na desturi ya kujipima zenyewe kila ziwashwapo. Kabla ya picha yoyote kuonekana, programu ndogo ya mwanzo iitwayo bayosi huuliza kila kiungo kama kipo: kumbukumbu, kadi ya picha, kibodi. Kiungo kimoja kikikosa kujibu kabla ya skrini kufanya kazi, kompyuta haiwezi kuandika neno, kwa hivyo hulia.

Maana ya milio hutofautiana kulingana na aliyetengeneza bayosi. Katika bayosi za AMI, milio mitatu mifupi huelekeza kwenye kumbukumbu. Katika nyingi za Award, mlio mmoja mrefu ukifuatwa na miwili mifupi huelekeza kwenye kadi ya picha. Kampuni nyingine, kama Dell na HP, zina hesabu zao, na baadhi hutumia taa zinazomweka badala ya mlio. Hesabu milio, iandike, kisha itafute pamoja na jina na namba ya kompyuta yako kwenye intaneti ya simu. Fundi akija, mwambie hesabu hiyo kabla hajasema lolote.

Na kama hakuna mlio wowote, feni zinazunguka na skrini ni nyeusi, hakikisha kwanza kwamba kosa si la skrini. Je, taa yake inawaka? Waya wa picha umekazwa pande zote mbili? Je, nyuma ya kompyuta kuna tundu la pili la picha ambalo labda ndilo lifaalo? Ukiweza, jaribu skrini ya jirani.

Kufungua sanduku

Watu wengi huogopa hatua hii, na wengine huiingia bila woga hata kidogo. Wote wawili wamekosea. Sanduku la kompyuta linaweza kufunguliwa na mtu yeyote mwenye subira, mradi ashike masharti matatu.

La kwanza, chomoa waya wa umeme kabisa. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Baada ya kuuchomoa, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki ndani uishe.

La pili, gusa chuma kitupu cha sanduku kabla ya kugusa kitu kingine chochote ndani, na ukigusegusa mara kwa mara unapoendelea. Mwili wa binadamu hubeba umeme tuli tusiouhisi, lakini unaotosha kuua kibao cha kumbukumbu.

La tatu, na hili halina mjadala: usifungue kile kisanduku cha chuma cha umeme ambacho mafundi hukiita pawasaplai, wala usifungue skrini ya zamani yenye kisogo kikubwa. Ndani yake hubaki umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa.

Tulipoondoa ubavu wa sanduku la dada, tulikuta makaburi. Nzi wa ziwani walikuwa wamejaa juu ya feni, wamekauka na kushikana na vumbi la mafuta kama blanketi la kijivu. Tulitumia brashi mpya ya kupakia rangi, kavu na laini, huku kijana akiishikilia feni kwa kidole isizunguke. Usitumie kitambaa chenye maji, wala usipulize kwa mdomo, kwani mate nayo ni maji. Iwapo kompyuta yako huwaka na kisha kujizima yenyewe baada ya dakika chache, huenda dawa yako yote ni hiyo brashi. Mashine huwa inajizima ili isiungue kwa joto.

Kisha tukavikabili vibao vya kumbukumbu, ambavyo mafundi huviita ramu. Ni vijiti vyembamba vilivyosimama kwenye mifereji karibu na feni kubwa, kila kimoja kikishikwa na vibanio kwenye ncha zake. Ukivibonyeza vibanio hivyo kwa nje, kibao huchomoka. Kimoja cha dada kilikuwa kimelegea upande mmoja.

"Uliigusa hii?" nilimwuliza mpwa wangu.

Alitazama chini. "Niliipiga tu kidogo ubavuni, Mjomba. Kama redio ya babu."

Hapo siri ya milio mitatu ikafichuka. Umeme uliunguza fyuzi, nalo kofi likalegeza kumbukumbu. Mashine ilikuwa na ugonjwa mmoja, kijana akauongezea wa pili kwa hasira. Msomaji, usiipige kompyuta. Redio ya babu ilivumilia kwa kuwa haikuwa na vibao vya kuchomoka.

Ncha za kibao hicho zina meno madogo ya rangi ya dhahabu. Kwa unyevu wa ziwani huwa yanafifia na kupata utando. Chukua raba ya penseli, isugue juu ya meno hayo taratibu, pande zote mbili, kisha uyafute kwa kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi. Usiyaguse kwa vidole. Kirudishe kibao kwenye mfereji wake ukitazama pengo lililo katikati ya meno, kwani huingia kwa upande mmoja tu, kisha ukikandamize hadi usikie vibanio vikilia "ta" pande zote mbili. Kama kuna vibao viwili, jaribu kimoja kimoja. Huenda kimoja ni kibovu na kingine ni kizima, na kompyuta yenye kumbukumbu nusu ni bora kuliko isiyowaka.

Tulichomeka, tukabonyeza kitufe. Mlio ulikuwa mmoja tu, mfupi. Skrini ikaangaza.

Betri inayosahaulika

Lakini badala ya kuendelea, kompyuta iliandika kwamba saa yake imepotea na kututaka tubonyeze F1. Tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi, kana kwamba mashine imeamka katika siku ya kuzaliwa kwake.

Katika kila ubao mkuu kuna betri bapa kama sarafu. Kazi yake ni kuiwezesha saa kutembea na kuhifadhi maagizo ya mwanzo wakati kompyuta imechomolewa. Betri hiyo hudumu miaka kadhaa, kisha hufa kimyakimya. Kompyuta ikiwa imechomekwa daima huwezi kujua. Siku ukiichomoa, inasahau kila kitu, wakati mwingine hata diski yake iko wapi.

Namba yake aghalabu ni CR2032. Maana yake ni rahisi: upana wa milimita 20, unene wa milimita 3.2. Nguvu yake ni volti 3. Ndiyo ile ile ya rimoti za magari mengi. Dada aliinunua kwa Sh150. Ikiwekwa, upande wenye alama ya kujumlisha hutazama juu, kisha unasahihisha tarehe. Usipuuze tarehe. Kompyuta inayodhani huu ni mwaka wa zamani hukataliwa na tovuti nyingi za intaneti, nawe utadhani mtandao ndio mbovu.

Okoa kazi kabla ya mashine

Tulibonyeza F1. Baada ya dakika mbili ndefu, picha ya ufuo wa Dunga ambayo kijana aliiweka kama pambo ilijitokeza. Aliinyoshea mkono ile projekti kabla ya kitu kingine chochote, nami nikamzuia asiandike neno moja mpaka tumeinakili kwenye flashi yangu na kuituma kwa barua pepe yake mwenyewe. Akiba haiozi.

Kwingine mambo huwa magumu zaidi. Huenda kompyuta ikawaka lakini ikasema haioni diski, au ikafika katikati ya kuanza na kukwama. Ikiwa umeichomoa, tazama kwanza kama nyaya mbili za diski, moja ya umeme na nyingine ya habari, zimekazwa. Iwapo unasikia diski yenyewe ikigonga tik, tik, tik, zima mara moja wala usiwashe tena. Kila dakika inayozunguka inazidi kujikwaruza.

Jambo ambalo kila familia inapaswa kulishika ni kwamba kompyuta kutowaka si sawa na kazi kupotea. Barua, picha za harusi na projekti ya mtoto zimo kwenye diski, si kwenye mazabodi. Hata ubao mkuu ukiwa umeungua kabisa, diski inaweza kutolewa na kusomwa kwenye kompyuta nyingine. Kwa hivyo fundi akikuambia lazima "afomati" au aweke Windows upya, jibu lako liwe moja: nakili kwanza, nione, ndipo ufute.

Wakati wa kumwita fundi

Si kila hitilafu ni ya raba na brashi. Ikiwa waya ni mzima, swichi ziko sawa, na bado hakuna dalili ya uhai, tazama ubao mkuu huku waya umechomekwa lakini mkono wako uko mbali. Nyingi zina taa ndogo inayowaka hata kompyuta ikiwa imezimwa. Kama taa hiyo imekufa, mshukiwa wa kwanza ni pawasaplai, inayogeuza volti 240 kuwa volti 12, 5 na 3.3. Fundi ataipima kwa mita kwa muda mfupi, na ni kifaa kinachobadilishwa bila kugusa kingine.

Chunguza pia vile vikopo vidogo vinavyosimama kwenye ubao, viitwavyo kapasita. Vifuniko vyake vinapaswa kuwa bapa. Vikiwa vimefura kama mkebe wa chakula kilichoharibika, au vinavuja majimaji ya kahawia, ubao huo una ugonjwa uliozikumba kompyuta nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000 kutokana na kapasita mbovu. Fundi stadi anaweza kuvibadilisha, lakini uliza bei kwanza na ulinganishe na ya kompyuta nyingine iliyotumika.

Fundi mzuri hufungua mashine mbele yako, hukuonyesha kilichoharibika, hukurudishia kifaa cha zamani, na hukutajia bei kabla ya kuanza. Anayetoa hukumu kwa simu mwombe radhi, umtafute mwingine.

Kinga kando ya ziwa

Mawingu yakianza kujikusanya juu ya ziwa, zima kompyuta na uichomoe, usingoje ngurumo. Umeme ukipotea, chomoa pia, na ukirudi ngoja dakika kumi utulie. Usiweke mashine sakafuni. Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kuliko hata kile kiwango cha 1964, na waliokuwa karibu na ufuo walijua maana ya kuweka vitu chini. Iweke juu ya meza, mbali na jiko, isiyobanwa na ukuta. Nzi wakianza kuja, funga madirisha na uzime taa ya chumba hicho. Na kila muhula ukifungwa, ifungue, uifagie.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, walisema wahenga. Siku nne baadaye mpwa wangu aliwasilisha mradi wake ukiwa umechapishwa na kufungwa vizuri. Dada hajasema mengi. Ila Jumapili nilipopita kwake alinitilia sahani ngege mzima badala ya nusu, na nilipoangalia pembeni nikaona kompyuta imepandishwa juu ya meza, imefunikwa kwa leso, na flashi mpya inaning'inia kwenye msumari ukutani, ikiwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono wake: "Nakala kwanza."